Kompyuta ya Kusemea

Jumapili, 3 Machi

Wanangu wapendwa, wewe Mama na wewe Mwalimu,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, asije mmoja akasema mwenzake kapewa zaidi. Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ukiondoa koo.

Sasa hilo koo. Daktari amesema kile kivimbe si uchovu wa kupiga kelele mnadani kama nilivyokuwa nikijidanganya. Ni saratani, na imekaa palepale sauti inapotokea. Watakata, na wakikata, sauti inakwenda nayo. Nitakula, nitatembea, nitapumua kupitia tundu hapa shingoni, lakini kusema ndiyo basi. Nimeyasema harakaharaka kwa sababu hata nikiyazunguka yatabaki yaleyale.

Ila kuna jambo. Pale hospitali yuko dada mmoja anayefundisha watu matamshi. Anasema ipo programu: unaisomea kompyuta sentensi nyingi ungali na sauti yako, inazishika, kisha baadaye ukiandika neno inalisema kwa sauti yako mwenyewe, na mikwaruzo yake yote. Lakini lazima zirekodiwe kabla ya kukatwa, na kila mgonjwa aje na laptop yake.

Laptop nimezinadi nyingi, za ofisi zilizofungwa na za watu walioshindwa maisha. Kuitumia, sijawahi hata moja. Nataka ya matumizi ya kila siku: kuombea chai, kumsalimu jirani, kumgombeza shangazi yenu. Shaurianeni ipi inanifaa. Nasema shaurianeni, nyote wawili.

Msinipigie simu. Nimekatazwa kusema sana, na mnajua mimi nikishika simu ninanadi. Siku ya kukatwa bado haijapangwa.

Baba yenu,
Mnadi


Jumamosi, 9 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kazini, mitambo ya kuchapa inanguruma, nikashukuru hiyo kelele maana hakuna aliyenisikia. Nililia kwenye stoo ya karatasi mpaka msimamizi akaja kuuliza kama nimebanwa kidole.

Sasa nimejifuta, tuongee. Chukua Mac. Mimi napanga kurasa za vitabu kwa Mac kutwa nzima, miaka yote hii, na haijaniangusha. Ni nyepesi, chaji inakaa, kipaza sauti chake ni safi. Mtu anayenunua kitu cha kumsemea maisha yake yote hanunui cha kubahatisha. Mimi nitainunua, hilo usiliwazie.

Kuhusu kushauriana na yule mwenzangu, Baba, naomba tuliache. Tangu mazishi ya Mama hajanipa hata salamu, nami sina jipya la kumwambia.

Binti yako


Alhamisi, 14 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Pole kwa kulia, na mwambie huyo msimamizi kidole hakililiwi hivyo.

"Yule mwenzangu" ni mdogo wako. Ulimbeba mgongoni mpaka ukapinda, na mimi nilikuwa nikikucheka. Amekasirika kwa sababu mlimzika mama yake kabla hajafika. Najua kwa nini ilikuwa vile, nawe unajua. Yeye hajui. Kwa hiyo mwandikie wewe uliye mkubwa. Mwandikie habari ya laptop tu, ukipenda. Yeye ndiye anayefundisha kompyuta chuoni, sitaki aseme alirukwa.

Yule dada wa matamshi anasema laptop yoyote itafaa, programu yenyewe inafungukia kwenye mtandao, haina cha Mac wala cha nini. Lakini mwandikie.

Baba


Jumapili, 17 Machi

Kwako Mwalimu,

Nakuandikia kwa kuwa Baba ameniomba, si kwa sababu nyingine. Nimependekeza Mac. Kama una pingamizi la kitaalamu, nijulishe kabla sijanunua.

Dada yako


Jumatatu, 18 Machi

Dada,

Asante kwa barua ya kikazi. Nimetafuta mhuri chini nikaukosa.

Pingamizi ninalo. Mac ni laptop nzuri kwa mtu anayeishi karibu na fundi anayejua kuitengeneza. Pale kwa Baba ikizima, nani ataifungua? Yule fundi redio wa mtaani? Mimi nimepata laptop nyeusi, zile ngumu za maofisini. Ukiiangusha, ogopea sakafu. Nitaiwekea Linux badala ya Windows. Haina mambo mengi, virusi haivijui, na haitamwambia mzee asubiri wakati yeye anaishiwa pumzi na anataka kuita mtu. Fikiria hilo vizuri. Hii si ya kutazamia picha. Ni koo la mtu.

Na safari hii naomba tusubiriane.

Mwalimu


Jumatano, 20 Machi

Mwalimu,

Hilo la kusubiriana nimeliona, na limenichoma ulivyotaka linichome. Nitalijibu siku nitakayokuwa tayari.

Linux! Mimi najua mambo yako. Baba atagusa kitu, kioo kitageuka cheusi chenye maandishi meupe, kisha itabidi akupigie wewe uliye huko mbali umwelekeze. Akupigie na sauti gani? Ulifikiria hapo? Kama huitaki Mac, afadhali hata Windows. Kila mtoto wa mtaa anaijua, na shangazi ataweza kuomba msaada dirishani.

Halafu umesahau kitu kimoja. Huyu ni mtu anayelamba kidole kabla ya kufungua ukurasa. Hiyo kibodi ataiogesha. Na nyeusi yako ni nzito kama tofali. Mtu anatoka hospitali na kidonda shingoni unambebesha tofali?

Dada


Jumapili, 24 Machi

Dada,

Umenichekesha peke yangu kwenye ofisi ya walimu. Wamenitazama. Ni kweli ataiogesha. Nakumbuka alivyokuwa akinadi viatu vyetu vya shule mbele ya wageni ili tuone haya tuvipige rangi. "Mguu wa kulia umecheka, wa kushoto unalia, nani anaanza?" Sijui kwa nini nimelikumbuka hilo leo.

Windows nakubali iingie kwenye mjadala, ila nitakupinga kwa chapa. Ile ya bei nafuu uliyonitumia picha yake bawaba zake ni za plastiki. Ile ya kijivu ina kibodi nzuri lakini betri mbovu. Ile nyingine kipaza sauti chake kimewekwa chini, kinachukua muungurumo wa feni. Hapo hatutakuwa tumerekodi Baba, tutakuwa tumerekodi pampu ya kisima. Nimekutengenezea jedwali. Lisome bila kukasirika.

Na nikuulize kitu, kwa kuwa sasa tunaandikiana kama watu. Kwa nini hamkunisubiri? Nilikuwa njiani. Kesho yake tu ningefika.

Mdogo wako


Jumanne, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya lile swali.

Friji la chumba cha maiti lilikuwa limekufa. Tuligundua tulipokwenda na nguo za kumvalisha. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Baba alisema, mwacheni mtoto abaki na sura ya mama yake kama alivyomwacha. Akasema kama ni kuchukiwa, tuchukiwe sisi. Nami nikachukiwa. Nilipokuona umesimama kwenye kaburi lililofunikwa nilitaka kukwambia, ukanipita kama mti.

Basi. Sasa unajua.

Jedwali nimelisoma, na umeipunja Mac kwenye safu ya bei. Nimeuliza dukani, wanasema mwezi ujao kunaingia toleo jipya, jepesi zaidi, na kipaza sauti chake wamekibadilisha kabisa. Tungoje hilo, tulilinganishe na nyeusi yako kwa haki. Baba mwenyewe anasema siku haijapangwa.

Dada


Jumatatu, 8 Aprili

Mwalimu wangu,

Dada yako ameniandikia kwamba umekuwa mbishi. Nawe umeniandikia kwamba yeye haambiliki. Nimezisoma barua zote mbili kwa sauti, nikizipokeza, nikawa mimi mwenyewe ndiye ninyi. Shangazi yenu alidhani nimepata wageni.

Sauti inanikwamakwama, ikija inakuja nusu. Mnadani wameniwekea kijana wa kupokea bei, mimi nagonga nyundo tu. Lakini msihangaike. Haraka haraka haina baraka. Hilo toleo jipya lingojeni, na hiyo nyeusi nayo usiikatie tamaa, zitetee hoja zako. Siku bado haijapangwa.

Amesema amekueleza habari ya mama yako. Nimefurahi mno.

Baba


Jumamosi, 13 Aprili

Dada,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Sina la kusema isipokuwa nisamehe. Ningeweza kukuuliza zamani, nikaona raha kukasirika.

Nimeomba likizo mwezi ujao. Wewe uje na toleo lako jipya, mimi nije na nyeusi yangu, tuziweke mbele ya mzee, anadi mwenyewe. Itakayoshinda tunarekodi papo hapo, wote watatu chumbani, na shangazi azime redio yake. Naona nitaomba arekodi na ule mnada wa viatu vyetu.

Mdogo wako


Ijumaa, 19 Aprili

Watoto wa kaka yangu,

Mimi shangazi yenu si mtu wa kuandika, mtanisamehe mwandiko.

Baba yenu amekatwa Jumanne. Yuko hai. Ana mrija shingoni na macho yake yamekuwa makubwa.

Siku yake alipewa tangu ule mwezi wa tatu mwanzoni, tangu barua ya kwanza aliyowaandikia. Aliniapisha nisiwaambie. Mimi nilimwambia, kaka, hao watoto wanakuchagulia laptop au mchumba? Mchagua jembe si mkulima. Yule dada wa matamshi alimfuata mara mbili kumuuliza kurekodi ni lini, akamwambia laptop inakuja.

Asubuhi ile walipokuja na kitanda cha magurudumu, sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Nikamuuliza, hiyo laptop iko wapi? Akaniambia, "Bado wanachagua." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Wakamsukuma.

Njooni mkiweza, lakini msije na vilio. Havimfai.

Shangazi yenu


Jumamosi, 20 Aprili

Mwalimu,

Nimempigia yule dada wa matamshi. Nimemuuliza kama tungeweza kumrekodi kwa simu. Kwa simu tu, ya mkononi, hii ninayoiwekea kengele ya kuamkia. Amenijibu ndiyo, katika chumba kilichotulia ingetosha, faili zingehamishiwa baadaye kwenye laptop yoyote. Alidhani tunajua.

Mimi ni mpanga kurasa, sikujua. Wewe unafundisha kompyuta. Unasimama mbele ya watu wazima unawafundisha namna ya kuhamisha faili. Umenitengenezea jedwali la vipaza sauti lenye safu kumi na mbili, na hukuweza kuandika mstari mmoja: dada, mwambie shangazi amshikie simu. Ulitaka ushinde na hiyo nyeusi yako. Umeshinda. Hongera.

Dada


Jumapili, 21 Aprili

Dada,

Nani alisema tungoje toleo jipya? Nani aliandika kwamba tulinganishe kwa haki? Nilikuwa tayari kununua tangu mwezi wa tatu. Wewe siku hizi ndiwe mtu wa kungoja. Kwa Mama ulikuwa na haraka.

Na kuhusu kujua na kunyamaza, wewe ndiye fundi. Ulijua habari ya lile friji ukaniacha nikuchukie mwaka mzima na miezi, halafu ukaja kuniambia katikati ya mambo ya betri. Sitakaa tena nikisubiri uamue lini mimi nafaa kuambiwa.

Usiniandikie.


Jumapili, 9 Juni

Wanangu, Mama na Mwalimu,

Hii nayo nimeiandika mara mbili, neno kwa neno. Zile za Mei niliwaandikia kila mtu yake, hakuna aliyejibu. Shangazi yenu anasema mnaona haya. Mlikuja hospitali kila mmoja kwa siku yake, kama waliopangiwa zamu. Mama ulinishika mkono ukatazama ukuta. Mwalimu ulitengeneza televisheni ya wodi ambayo haikuwa imeharibika. Hakuna aliyemtaja mwenzake, nami sikuwa na mdomo wa kuwauliza.

Laptop zimefika. Mbili. Ya rangi ya fedha kwa gari la Jumatatu, nyeusi kwa gari la Alhamisi, zote hazina hata kikaratasi cha salamu. Dada wa matamshi amekuja nyumbani akaziwasha na kunifundisha. Zote nzuri. Mama, ni kweli yako ni nyepesi. Mwalimu, yako kweli ni ngumu, nimeshaiangusha. Zinasema kwa sauti ya mwanamume mmoja nisiyemjua, anaomba chai kama anayetangaza msiba. Jirani alisikia akauliza nimempangisha nani chumba.

Nitawaambia kwa nini niliwaficha ile siku, maana najua kila mmoja anamtwika mwenzake lawama. Mimi ni mnadi. Kazi yangu yote ina sheria moja: wanunuzi wawili wakiwa bado wanapandishiana, hugongi nyundo. Hata jua likizama, hata mvua ikinyesha, hugongi. Niliificha tangu barua ya kwanza ili mpate muda wa kuandikiana. Mlipoanza kurushiana Mac na Linux na bawaba za plastiki, ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu tumzike mama yenu kuwasikia mnajibizana. Nikajiambia, wakinunua mapema watanyamaza. Waache wapande. Kila barua ilikuwa inapanda. Mkafika kwenye friji, mkafika kwenye kusameheana, nami nina mkono juu na nyundo yangu. Sauti yangu niliiona inakwenda. Nikaona bei hiyo naiweza.

Nilikosea hesabu. Sikujua mtakuja kugeuziana kukatwa kwangu kuwa kosa. Nilidhani nitamwachia kila mmoja mwenzake, na nimewaachia kisa cha pili cha kununiana, kibaya kuliko cha kwanza. Hilo linaniuma kuliko kidonda. Naandika hapa nikiwa na hasira, na mtu asiye na sauti hasira yake haina pa kutokea, inabaki humu inazunguka.

Jingine. Daktari ameona kitu chini zaidi, kifuani. Hakuna cha kukata tena. Amesema miezi, na hakuitaja ni mingapi, nami nilikuwa nimeiacha laptop nyumbani, sikuweza kumuuliza. Basi msiniletee kingine chochote. Msiulizane nani alijua nini. Simu mnazo, na midomo mnayo.

Jana shangazi yenu alipokuwa akipiga pasi niliziweka laptop zote mbili mezani, zikatazamana. Kwenye ile ya fedha nikaandika, "Mdogo wangu, hujambo?" Kwenye nyeusi nikaandika, "Sijambo, dada." Nikazibonyeza, hii kwanza, kisha hii. Zikasalimiana, sauti ileile moja. Shangazi yenu akaiacha pasi juu ya shati akatoka nje. Mimi nikazibonyeza tena, kwa sababu tangu nikatwe koo, hayo ndiyo maongezi yenu pekee niliyoyasikia.

Baba yenu